Kamba ya Mama Nywila

Shule nzima ilimjua kwa jina la Mama Nywila, na jina hilo alilipata kwa halali. Siku ya kwanza aliyokabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, aliingia darasani, akawaomba wanafunzi arobaini na watatu waandike nywila zao, yale maneno ya siri ya kufungulia kompyuta, kwenye vipande vya karatasi, wavikunje vizuri na kumpelekea mbele. Thelathini na tisa walipeleka. Akavipokea, akavitia kwenye mfuko wa sketi, kisha akawauliza ni nani kati yao angempa mtu wa barabarani ufunguo wa nyumba ya mama yake kwa sababu tu ameomba kwa adabu. Wanne waliogoma walipewa biskuti, na vile vikaratasi vikachanwachanwa mbele ya wenyewe bila kufunguliwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina jingine. Hata mumewe, fundi rangi mpole asiye na neno, alianza kumwita hivyo kila alipotaka kumchokoza.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa shule hiyo hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Mitihani, ratiba, barua za wazazi, hata hotuba za Mwalimu Mkuu, vyote vilipita chini ya vidole vyake, na hotuba hizo alikuwa akizisahihisha kimyakimya bila kuulizwa na bila kushukuriwa. Kazi hiyo ilimwachia mambo mawili: maumivu ya shingo, na uchungu mkubwa wa kuona karatasi iliyoandikwa upande mmoja ikitupwa. Kwake yeye karatasi ya namna hiyo ilikuwa haijamaliza kazi. Juu ya kabati la ofisi yake palikuwa na rundo la matangazo ya mwaka juzi, ratiba zilizobadilishwa na mitihani iliyoahirishwa, yote yakisubiri kutumika mgongoni. Mashine ya chapa ilipostaafishwa, yeye akaenda kusomea kompyuta kwa miezi sita, akikaa benchi moja na watoto wa umri wa kitindamimba wake, akarudi na cheti na msimamo.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine tisa. Saba zilikuwa zikiwaka, na tano kati ya hizo zilikubali kufanya kazi. Mtandao wenyewe ulikuja na kuondoka upendavyo. Mama Nywila akaona kwamba akisubiri mtandao uje ndipo afundishe mtandao, atastaafu huku watoto wameshajiharibia na simu za nyumbani. Akakata shauri. Akanunua mita kumi na mbili za kamba ya kuanikia nguo na vibanio mia vya plastiki, akaifunga kamba ile kwenye nguzo za baraza, ukumbi wa madarasa upande huu na uwanja upande ule, kimo cha kifua. Mtandao wetu ni huu, akawaambia, na huu haukatiki.

Masharti yalikuwa machache na hayakuwa na huruma. Mwanafunzi angeweza kuanika chochote apendacho, picha, kichekesho, malalamiko, lakini kilichoanikwa hakishushwi mpaka Ijumaa saa nne, hata na mwenyewe, hata akilia. Mtu yeyote angeweza kukinakili kwenye daftari lake na kwenda nacho anakotaka. Na anayetaka kutoa maoni ayaandike chini yake, ila aweke na jina, maana maoni yasiyo na mwenyewe Mama Nywila aliyachukia kuliko kunguni.

Juma la kwanza kijana mmoja wa kidato cha pili alianika shairi la mapenzi la beti tano, na jina la msichana lilitajwa katika kila ubeti. Kufikia saa tatu alikuwa amekuja mara mbili kuomba lishushwe. Kufikia saa sita darasa zima la yule msichana lilikuwa limelihifadhi kichwani na kulitafutia tuni. Mpaka Ijumaa kijana aliingia darasani kwa kupitia dirisha la nyuma. Mwingine alianika namba ya simu ya nyumbani kwao kwa kujisifu tu kwamba wana simu mpya, na baba yake akapigiwa mara thelathini na moja kwa siku moja na watu waliotaka kujua kama ng'ombe wake bado anauzwa. Mzee hakuwa na ng'ombe. Alipokuja shuleni kulalamika, Mama Nywila alimkaribisha kiti, akampa chai, akamfundisha na yeye.

Sharti la mwisho ndilo alilolirudia kila somo mpaka watoto wakawa wanalimalizia wao. Ukikosea, nenda mwenyewe. Nenda kwa uliyemkosea kabla habari haijamfikia. Na kama wewe ndiye unayetishwa au kuonewa, njoo kwangu, sitakupigia kelele. Kulikuwa na binti mmoja mwembamba wa kidato cha tatu, hodari wa kubishana na kila sharti mpaka wenzake wakambandika jina la Wakili, na hata yeye kwa hili hakuwa na pingamizi. Aliuliza tu, kama mtu anayeandaa kesi, iwapo sharti hilo linawahusu na watu wazima. Mama Nywila akasema linawahusu wote wenye vidole.

Sharti hilo lilikuwa na chanzo chake. Miaka sita nyuma, akiwa bado kwenye mashine ya chapa, alichapa barua ya kumhamisha shule msichana mmoja. Sababu iliyoandikwa ilikuwa ya kifamilia. Baadaye ndipo aliposikia kwamba kuna mtu, ambaye hata leo hajulikani ni nani, aliyekuwa na picha ya yule binti na alimtisha nayo muhula mzima, na muhula huo mzima binti alikuwa akipita mlangoni pa mpiga chapa kila asubuhi, akimwamkia vizuri na kwenda zake. Barua ilikuwa na mistari minane, na Mama Nywila aliichapa bila kosa hata moja. Kila akiikumbuka aliumia. Ndiyo maana kutoka kwenye kamba ile alitaka kitu kimoja tu, kwamba mtoto mwingine mwenye shida kama ile asimpite mlangoni. Miaka mitatu sasa watoto walicheka, walijibu maswali, walifaulu mitihani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja.

Rafiki yake mkubwa pale shuleni alikuwa mwalimu wa jiografia, ambaye wanafunzi walimwita Ramani. Miaka kumi na minane walikunywa chai pamoja kila mapumziko ya saa nne, yeye akitoa majani na sukari, Ramani akitoa habari. Sasa Ramani alikuwa anastaafu. Hafla ya kumuaga ilipangwa Ijumaa, na Mwalimu Mkuu akamwomba Mama Nywila aseme maneno machache kwa niaba ya wenzake. Jumatatu alasiri akaketi ofisini kuyaandika, nayo yakagoma. Kila alipotafuta jambo zuri la kusema yalimjia yale mengine, yale ya kuudhi ya miaka kumi na minane, mpaka akaamua ayatoe hayo kwanza ili yampishe. Akachukua karatasi, akaandika juu, "Ramani: mambo ya kutosema Ijumaa," akayapanga kwa namba, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Alipofika mwisho hakuwa tena akicheka. Akaitupia ile karatasi juu ya rundo la kabatini, akafunga ofisi, akaenda nyumbani kupika.

Jumanne asubuhi alikuwa na haraka. Somo la juma hilo lilihusu picha. Kabla hujaposti picha yako, tazama kilicho nyuma yako: kitanda hakijatandikwa, namba ya nyumba inaonekana, mama yako amesinzia mdomo wazi. Akavuta karatasi ya juu kabisa kwenye rundo, akaona ina upande mmoja mweupe, akaandika kwa kalamu nene nyekundu: TAZAMA KILICHO NYUMA YAKO. Akaibana katikati ya kamba, maandishi mekundu yakielekea ukumbini. Mgongo wa karatasi ukaelekea uwanjani. Hata mtoto wa chekechea angeliona kosa lile. Yeye, mwalimu wa somo, hakuliona, akaenda zake kuzibembeleza kompyuta ziwake.

Saa nne ilipogongwa alijitilia chai peke yake, kwa kuwa Ramani alikuwa ameenda ofisi ya elimu kufuatilia karatasi zake za kustaafu na angerudi baada ya chakula cha mchana. Akasikia vicheko uwanjani, tena vya kuvunja mbavu. Akafurahi. Somo limewaingia, alijisemea, akatoka na kikombe chake mkononi kwenda kuvuna sifa.

Watoto walikuwa wamejaa upande wa uwanja, nyuso zao zikielekea kamba, wengine wamepiga magoti wakinakili juu ya mapaja. Katikati alisimama Wakili, akisoma kwa sauti ya mahakamani.

"La tatu. Anasema ameacha sukari, na kila siku anaweka vijiko vinne."

Mama Nywila aliyatambua maneno kabla hajajua ni ya nani. Kisha akajua. Chai ikamwagikia kidole na hakuisikia.

"Wakili," aliita. "Unasoma nini?"

"Nasoma kilicho nyuma yako, Mama," Wakili alijibu, macho makavu.

Mkono wa Mama Nywila ulishafika kwenye kibanio. Vidole viwili vilikuwa vimekishika, na kilikuwa kibanio cha kijani, kilicholegea, ambacho kingetoka bila hata kuvutwa. Vicheko vikakatika. Watoto wote walikuwa wakiangalia vile vidole, na Wakili aliviangalia kuliko wote. Alipofungua mdomo hakuwa na kejeli tena.

"Mpaka Ijumaa saa nne, Mama. Hata na mwenyewe."

"Hata akilia," akamalizia mwingine nyuma.

Mama Nywila akakiachia kibanio. Akasema asante kwa kukumbushwa, akarudi ofisini, akakaa.

Mwalimu Mkuu alimfuata huko baada ya kuisoma karatasi mwenyewe, tangu juu mpaka chini, mdomo ameukaza ili asicheke. Alikuwa mtu wa njia za mkato.

"Dada, mimi sijafungwa na kamba yako," alisema. "Nikipita pale nikaibandua, nani ataniuliza?"

"Wataniuliza mimi, Mkuu."

"Watoto hawa watasahau kesho."

"Hili hawatasahau. Miaka mitatu nawaambia kosa halifichwi, linaendewa. Leo kosa ni langu, na karatasi inayeyuka. Nani atakuja kwangu tena?"

"Kwani wanakuja?"

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza idadi ya viti, lakini swali lilimchoma Mama Nywila mahali penyewe.

"Bado," alijibu.

"Basi ni kamba au rafiki," alisema Mwalimu Mkuu, akashika kitasa cha mlango. "Ramani anarudi saa nane. Na ukinisikiliza mimi, rafiki wa miaka kumi na minane hashindani na kamba ya nguo."

Mama Nywila akabaki ameshika tama. Alijua Mkuu anasema kweli, na alijua na yeye anasema kweli, na kweli mbili zilikuwa zimemkaba kila moja upande wake. Akawaza kuandika karatasi nyingine ya mema ya Ramani na kuianika kando ya ile mbaya. Akafika mpaka kuchagua kibanio. Hapo akakumbuka ni mara ngapi amewaambia watoto kwamba posti mbaya haifunikwi kwa posti nzuri, inapata jirani tu. Akawaza kujifanya mgonjwa. Akawaza Ramani atachelewa mpaka watoto waende nyumbani, na wazo hilo lilimpa nafuu kubwa, kwa sababu tangu amfahamu, Ramani hakuwahi kufika mahali kwa wakati.

Siku hiyo akawahi. Saa saba u nusu Mama Nywila alimwona kupitia dirishani akiingia getini na bahasha yake kwapani, na akawaona pia vijana wawili wa kidato cha kwanza wakiinuka chini ya ukuta kwenda kumpokea, nyuso zimejaa habari. Mama wa miaka hamsini na minne alivua viatu, akavishika mkononi, akakata uwanja mbio. Wale vijana walikuwa na miguu mizuri lakini hawakuwa na hofu kama yake. Aliwapita penye bomba la maji, akafika wa kwanza, pumzi hana.

"Kuna nini, dada?" Ramani aliuliza. "Kumeungua?"

"Kaka, nimekukosea. Niliandika mambo juu yako, ya kukucheka, na yako kwenye kamba tangu asubuhi. Shule nzima imeyasoma. Nimetaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwao."

Ramani alitazama miguu yake mitupu, kisha uso.

"Lete niyaone."

"Siwezi kuleta. Hairuhusiwi kushushwa. Itabidi twende."

"Nani hajaruhusu?"

"Mimi."

Wakaenda. Kipindi kilikuwa kimeshaanza, lakini madirisha yote ya upande ule yalijaa vichwa, na walimu waliokuwa ndani hawakuonekana kuwakemea sana, maana vichwa vyao navyo vilikuwemo. Ramani akasimama mbele ya karatasi, akatoa miwani, akaipangusa, akairudisha mfukoni bila kuivaa.

"Uliandika wewe," alisema. "Soma wewe."

Akasoma. La kwanza lilikuwa mlima. Ramani alipanda mlima mmoja akiwa kijana, na kila mwaka mlima huo huongezeka mita mia mbili. Ramani akasema mlima ni ule ule, masikio ya watu ndiyo yamepungua. La pili lilikuwa kalamu, kwamba akiazimwa kalamu huwa anaihamishia mfukoni mwake moja kwa moja na kuipa uraia. Hilo hakulijibu. La sukari akasema ni vijiko vidogo. La nne lilikuwa rangi ya nywele, ambayo siku za joto hushuka mpaka kwenye kola, na hapo madirisha yote yaliangua kicheko, na Ramani akajishika kisogo bila kukusudia. La tano, kuimba ukumbini wimbo asioujua maneno. La sita, kusoma gazeti la mwenzake begani na kumharakisha afunue. Mama Nywila alisoma haya yote kwa sauti moja, jasho likimtiririka, na kila kicheko kilichotoka madirishani, ambacho jana yake kingemfurahisha, sasa kilimkata maini.

La saba likamkwama. Alipoliandika lilikuwa limemchekesha kuliko yote.

"Soma," alisema Ramani.

"Mwalimu wa jiografia aliwapoteza wanafunzi ishirini na sita katika ziara ya masomo, saa mbili nzima, huku ameshika ramani, na akarudi kusema gari liliharibika."

"Kumbe gari halikuharibika?" aliuliza Mwalimu Mkuu kutoka dirisha la ofisi yake.

Watoto wakacheka tena, lakini Ramani hakuwa miongoni mwa waliocheka wala waliojitetea. Alikuwa akimtazama Mama Nywila tu.

"Hilo nilikuambia wewe," alisema polepole.

"Ndiyo. Uliniambia mimi peke yangu."

"Hayo mengine kila mtu anayajua. Hilo nilikuambia wewe."

Mama Nywila hakutafuta maneno ya kujitetea, na hata angeyatafuta hayakuwepo. Alisema samahani, mara moja, kwa sauti ya kawaida, akasubiri. Alikuwa amewafundisha watoto waombe radhi hivyo na hakuwahi kujua jinsi kusubiri kule kunavyouma.

"Endelea," alisema Ramani.

La nane, huongea na tufe la dunia akidhani yuko peke yake. La tisa, husinzia vikaoni macho wazi. La kumi, akisema anakuja sasa hivi, maana yake ni kesho. Mama Nywila akakunja mikono kifuani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Ramani akavaa miwani yake sasa, akasogeza uso kwenye karatasi.

"Kuna jingine hapo chini."

"Limefifia."

"Halijafifia. Wino ni ule ule." Alisubiri kidogo, akavua miwani. "Hilo nalo watoto wamelisoma?"

"Wamelisoma," alijibu Wakili kutoka dirisha la tatu. "Lakini hatukulinakili, Mwalimu. Halichekeshi."

Mama Nywila aliangalia chini, kwenye vidole vyake vya miguu vilivyojaa vumbi la uwanja. Kusoma kumi kulikuwa aibu tu. Hili lilikuwa jambo lingine, na angekuwa radhi arudie yale kumi mara mbili kuliko kulitamka.

"La kumi na moja," alisema. "Anaondoka."

Ramani aligeuka akaangalia uwanja kwa muda, kama kwamba kuna mtu amemwita huko, kisha akamgeukia tena.

"Hilo si la kutosema," alisema. "Hilo ndilo ungeniambia kwanza, dada, tena tangu mwezi wa pili, nilipotangaza kustaafu. Haya, nipe kalamu. Si mnasema anayetaka kutoa maoni anaandika chini?"

Akapewa kalamu. Akaandika chini ya la kumi na moja: "Nimesoma yote. Mlima ni ule ule." Akatia jina lake na saini yenye mkia mrefu. Kisha akaitia kalamu mfukoni, akachukua bahasha yake, akaenda zake darasani bila kuongeza neno. Mama Nywila akavaa viatu. Hakujua kama amesamehewa au ameadhibiwa, na siku ile hakupata mtu wa kumwambia.

Jumatano saa nne hakuja kunywa chai. Mama Nywila alikuwa amemimina vikombe viwili kwa mazoea, na kile cha pili kikapoa juu ya meza, vijiko vinne vya sukari vimetulia chini. Alijua amevunja kitu na kwamba si kamba ile iliyokivunja, ni yeye. Mapumziko yalipokaribia kwisha Ramani alipita nje ya dirisha amebeba rundo la ramani zilizokunjwa, akasimama, hakugeuza shingo.

"Nakuja sasa hivi," alisema, akapita.

Maana yake ni kesho. Mama Nywila hakuwahi kufurahia kucheleweshwa kiasi kile, akacheka peke yake mpaka akajipiga kifuani.

Saa tisa, vipindi vimekwisha na madawati yanaburutwa kwa ajili ya usafi, mlango wa chumba cha kompyuta uligongwa. Alikuwa Wakili. Aliingia, akaufunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama pale pale ameubana mkoba kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na shule ile hakuonekana kuwa na hoja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesahau kitu?"

"Hapana. Jana ulipoiacha ile karatasi pale kambani. Nilidhani utaishusha tu. Nilikuwa nangoja uishushe."

"Hata mimi nilidhani nitaishusha."

Wakili akatoa mkobani karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaishika kwa mikono miwili.

"Kuna vitu nilimtumia mtu kwenye simu. Nilidhani namjua, kumbe simjui. Sasa ananitisha. Nimeviandika kwa namba, kama wewe, ili nisiruke."

Miaka mitatu Mama Nywila alikuwa akijiandaa kwa ajili ya dakika ile, na yote aliyoyaandaa yakamtoka. Akazima kompyuta iliyokuwa mbele yake ili isiwe na mwanga wa kuwaangalia, akavuta kiti cha pili karibu na chake.

"Yako mangapi?"

"Saba. La saba sijui kama nitaweza, Mama."

"Langu la mwisho nalo lilinishinda, ulikuwepo ukaona. Hatutalifikia mpaka uwe tayari. Tukimaliza tutatafuta pamoja jinsi ya kumwambia mama yako, nitakuwa kando yako, na huyo mtu ana mahali pa kushtakiwa. Wewe anza na la kwanza."

Wakili akakaa. Akaikunjua karatasi juu ya magoti, akainyoosha kwa kiganja, akaanza na la kwanza.